Rangi Haikai: Kutafuta Hitilafu Kwenye Meza ya Kuprinti Uliyojitengenezea

Malalamiko ya wanaoprinti fulana za rangi mbili tatu kwa meza za kujitengenezea, kuanzia Kondele mjini Kisumu hadi Kakamega, ni yale yale. Nyekundu imeacha ufa mweupe kando ya nyeusi. Fulana za mwanzo zilitoka safi, za mwisho jina la kanisa lina kivuli. Katikati ya nembo kumekaa, pembeni kumekataa. Na dawa inayokimbiliwa ni moja: kushika spana na kusogeza skrini, ile fremu yenye wavu ambao wino hupita kufika kwenye fulana. Hapo ndipo kosa moja huzaa matatu, maana bolti iliyokuwa sawa imeguswa na yenye kosa bado imetulia mahali pake.

Nikisema meza hapa, nina maana ya ile ambayo fundi wa jua kali anaweza kukuungia kwa vyuma vya mraba. Katikati kuna nguzo inayozunguka kwa beringi, wengine wakitumia habu ya gari kuukuu. Kuna mikono miwili hadi minne yenye bawaba, ubao wa plaiwudi wa kuvalisha fulana, na mdomo wa chuma nyuma ya ubao ambamo kila mkono huingia unaposhushwa. Kila mkono una vizuizi vitatu vya bolti: viwili upande mrefu wa fremu, kimoja upande mfupi. Fremu husukumwa mpaka iviguse vyote vitatu, kisha ikabanwa. Vizuizi vitatu vyenye mpangilio uo huo viko kwenye kioo cha kupigia skrini mwanga. Filamu za kazi moja (karatasi angavu zenye mchoro, moja kwa kila rangi) hutobolewa kwa puncha ya ofisi, ambayo kwa kawaida hutoa matundu ya milimita 6 yaliyoachana milimita 80, na kuvishwa kwenye vipini viwili vya chuma vilivyokazwa kwenye kioo hicho. Hivyo kila skrini hutoka kwenye mwanga ikiwa tayari inajua mahali pake.

Ikiwa meza yako haina vipini wala vizuizi, na unalinganisha kwa macho na tepu, mengi ya hapa bado yatakusaidia, ila utarudia kazi ile ile kwa kila oda.

Kabla ya spana: vipimo vitatu

Swali la kwanza ni moja tu: rangi inahama kwa kiasi kile kile kila mara, au inahama ovyo? Kosa lisilobadilika linatibiwa kwa kusogeza. Kosa linalobadilika halitibiwi kwa kusogeza hata ukeshe, kwa sababu kesho litakuwa upande mwingine. Vipimo hivi vinakupa jibu kabla hujaharibu fulana hata moja.

Kipimo kikavu hakina wino. Weka filamu ya rangi yoyote chini ya skrini yake, ilinganishe kwa kuchungulia kupitia wavu mpaka alama za msalaba zilaliane, kisha ibandike ubaoni kwa tepu. Inua mkono, uzungushe, urudishe, ushushe. Rudia mara kumi, ukichungulia kila mara. Halafu mkono ukiwa chini, sukuma kona ya mbele ya fremu kwa kidole, kushoto na kulia. Haitakiwi kusogea hata kidogo.

Kipimo cha karatasi kina wino. Bandika karatasi ngumu ubaoni, printi msalaba, ukaushe bila kuigusa karatasi, kisha printi tena kwa skrini ile ile. Ukiona mstari mmoja, uko salama. Ukiona miwili, kuna kitu kinachopinda au kuteleza skwiji (ule mpira wa kusukumia wino) inapokandamiza.

Kipimo cha kitambaa ni hicho hicho juu ya fulana kuukuu ya pamba iliyokazwa kwa gundi, ukipitisha flashi (kifaa cha kukausha wino kwa joto) katikati ya chapa mbili.

Kikifeli kikavu, kosa liko kwenye vyuma. Kikavu kikipita na karatasi ikafeli, tazama wavu, skwiji na unene wa mikono. Karatasi ikipita na kitambaa kikafeli, ni gundi, joto au fulana yenyewe. Vyote vikipita na bado rangi hazikutani, acha meza kabisa: kosa liko kwenye filamu.

Dalili: rangi imehama upande mmoja, kiasi kile kile kwenye kila fulana

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayotisha wateja zaidi.

Sababu inayoongoza ni uchafu. Tone la wino lililokauka kwenye kichwa cha bolti, au tepu iliyozungushwa ukingoni mwa fremu mahali ambapo hugusa kizuizi, linatosha kuhamisha picha nzima. Kwangua vichwa vya bolti vitatu na sehemu tatu za fremu zinazovigusa. Kisha rudisha fremu kwa utaratibu ule ule kila mara: isukume kwanza kwenye vizuizi viwili, iteleze mpaka iguse cha tatu, ndipo ubane. Wengi hubana kwanza upande mmoja, na kibano chenyewe kinaivuta fremu ikaachana na kizuizi. Tumia kipande cha karatasi: kikipita kati ya bolti na fremu baada ya kubana, fremu haijakaa.

Inayofuata ni puncha. Kile kiongozi cha plastiki cha pembeni kikisogea kati ya filamu ya kwanza na ya pili, matundu hayatakuwa mahali pamoja. Toboa filamu zote za kazi kwa mkao mmoja, ukizipanga kwa alama za msalaba na si kwa ukingo wa karatasi, maana printa haivuti kila karatasi sawasawa. Angalia pia vipini: vinatakiwa kuingia kwa kubana kidogo bila kuichana filamu. Matundu ya puncha iliyozeeka hulegea.

Sababu adimu ni vizuizi vya mkono na vya kioo kutofanana. Hapo ndipo spana inaruhusiwa. Bolti ya kawaida ya M6 husogea milimita 1 kwa mzunguko mmoja kamili, na ya M8 milimita 1.25. Basi pima kosa kwa rula ya chuma, uhesabu mzunguko, ugeuze bolti moja tu, ukaze nati yake, na upime tena. Ukigeuza bolti mbili kwa pamoja hutajua ipi ilisaidia.

Dalili: rangi inahama ovyo, leo kushoto, fulana inayofuata kulia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu meza nyingi za kujitengenezea zinaugua hapa.

Anza na jambo rahisi: fulana inateleza. Gundi ya kupuliza ikiwa haba, au ubao umejaa vumbi la pamba, skrini inapoinuka inaivuta fulana nayo. Bonyeza ubao kwa kiganja. Kama haunati, hata meza ya mamilioni haitakusaidia. Futa, paka upya.

Kisha mdomo wa chuma. Huu ndio moyo wa meza yote, na ndio mafundi hutengeneza mwisho kwa kipande kilichobaki. Mdomo unatakiwa kuwa mpana juu na kujifinya kadiri mkono unavyoshuka, hata mkono unapofika chini unabanwa pande zote mbili bila nafasi. Mdomo wenye kuta zilizonyooka lazima uachiwe nafasi ili mkono uingie, na nafasi hiyo ndiyo inayoonekana kwenye fulana. Dawa bora ni beringi ndogo mbili, moja kila upande, zilizofungwa kwa bolti kwenye matundu marefu ili uweze kuzisogeza na kuzikaza. Chuma kikisuguana na chuma kitakwisha. Beringi inazunguka tu.

Bawaba zinafuata. Bawaba ya mlango iliyonunuliwa hadiwea imetengenezwa kwa ajili ya mlango, nao mlango haujali ukicheza milimita moja. Shika mkono nchani, uutikise kulia na kushoto ukiwa umeinuliwa: kama unasikia mlio, bawaba inacheza. Dawa ya haraka ni kung'oa pini na kuweka bolti nene kidogo inayoingia kwa kubana, pamoja na washa za kuziba nafasi ya pembeni. Dawa ya kudumu ni kuachana na bawaba za mlango na kutumia bomba fupi lenye ekseli ndefu ndani yake. Kadiri bawaba zinavyoachana, ndivyo mchezo mdogo unavyozidi kuwa mdogo huko mbele. Hata hivyo, kama mdomo ni mzuri, bawaba zilizolegea kidogo zinasameheka. Kinyume chake si kweli.

Ukimaliza hayo angalia vibano vya fremu, bolti zinazoshika ubao kwenye mkono wake, na nguzo ya katikati. Ubao husahaulika sana: watu hukaza skrini kila upande huku fulana yenyewe imelala juu ya plaiwudi iliyoshikwa kwa skrubu mbili zilizolegea.

Mwisho ni sakafu. Mabanda mengi yana saruji isiyo sawa au udongo mtupu. Meza ikicheza, fremu nzima ya chuma hujipinda kila unapovuta skwiji. Tia kabari chini ya mguu uliopungua, hakikisha usawa kwa pimamaji, kisha weka mfuko wa mchanga kwenye fremu ya chini.

Nguzo ikicheza ndani ya beringi hata baada ya kukaza, simama. Usiongeze washa wala bati. Ekseli iliyokwisha inapelekwa kwa fundi mwenye mashine ya lethi, achonge mpya kwa kipimo cha beringi. Na ukimwita wa kuchomelea, mwambie akwangue zinki kwanza kama bomba ni la mabati. Moshi wa zinki unaochomwa humpa mtu homa, na wewe unayeshika taa huuvuta pia.

Dalili: inaanza safi, inapotea kadiri kazi inavyoendelea

Mteja akija na kusema, "Omera, mbona hizi za chini si kama zile za juu?", jua ni hii.

Gundi ndiyo ya kwanza tena: kila fulana huacha nyuzi ubaoni, na ile ya mwisho inakuta zulia badala ya gundi.

Ya pili ni joto. Pamba hunywea inapopigwa flashi. Ukiprinti rangi ya kwanza kwenye fulana baridi, ukaipasha, rangi ya pili inakuta picha imepungua. Dawa haina gharama: pasha fulana tupu kwanza, kwa muda ule ule utakaotumia kukausha, ndipo uprinti rangi ya kwanza. Kunywea kukifanyika kabla, hakuna cha kuhama baadaye. Kumbuka pia kwamba flashi ya katikati si ya kuivisha wino. Wino wa plastisoli huiva ukifika nyuzi 160 hivi. Katikati ya rangi unatakiwa tu usinate kwenye kidole. Wanaopasha mpaka moshi uonekane wanaharibu ulinganifu na fulana kwa pamoja. Fulana za michezo za poliesta ni mbaya zaidi, hujikunja na kutoa rangi yake kwenye wino mweupe.

Ya tatu ni maji. Fremu za mbao zinazooshwa kila siku hufura, hukauka, hupinda. Mbao hutanuka kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu, kwa hiyo kona huachia kwanza. Kisumu kuna siku asubuhi ni jua kali na alasiri mvua ya radi, na mbao zinaitikia yote mawili. Ukiwa huna pesa za fremu za alumini au chuma, pakaa fremu mpya vanishi pande zote kabla ya kuweka wavu, pamoja na mikato ya kona. Plaiwudi ya ubao nayo ifunikwe. Ubao laini ulioshindiliwa kwa unga wa mbao usiutumie kabisa. Ukinywa maji umekwisha.

Adimu zaidi: nati zinazolegea kwa mtikisiko. Weka nati mbili zilizokazana, au washa ya springi, halafu chora mstari wa rangi kutoka nati hadi chuma. Mstari ukikatika, umepata mwizi wako.

Dalili: katikati kumekaa, pembeni kumekataa

Usiguse bolti. Hakuna bolti inayoweza kuikuza picha.

Angalia kwanza jinsi filamu zilivyotolewa. Kompyuta ya saiba mara nyingi huwa imewekwa ipunguze picha ili ienee kwenye karatasi. Filamu moja ikitolewa kwa asilimia 100 na nyingine kwa 97, tofauti kwenye picha ya milimita 300 ni milimita 9. Weka misalaba miwili kwenye kila filamu, iliyoachana milimita 300 kamili, na uipime kwa rula kabla ya kupiga mwanga. Hatua hii fupi ingeokoa fulana nyingi sana za matanga.

Kama misalaba imetofautiana kidogo tu, mshukiwa ni joto la printa ya leza au karatasi ya ramani (ile nyembamba inayopitisha mwanga). Karatasi hiyo hunywea ikipita kwenye joto na kutanuka ikikaa kwenye hewa yenye unyevu. Toa filamu zote za kazi moja kwa printa moja, siku moja, zikiwa zimelala upande mmoja, na usiziache zitengane. Filamu ya plastiki ya printa ya wino hutulia zaidi.

Filamu zikiwa sawa, nenda kwenye wavu. Wavu uliolegea husukumwa mbele na skwiji na picha hurefuka. Gonga kila skrini kwa kidole: zilie kama ngoma, na zilie kwa sauti inayokaribiana. Moja ikitoa sauti ya chini kuliko wenzake, ndiyo hiyo. Kuibana zaidi kwa tepu hakusaidii, inavutwa upya. Na usichanganye kwenye oda moja skrini mpya na ile ya mwaka juzi.

Kisha pima mwanya kati ya wavu na fulana. Kipande cha plaiwudi ya milimita 3 kinafaa kama kipimo: kiingie chini ya fremu sawasawa kwenye kona zote, kwa skrini zote. Skrini moja ikiwa juu zaidi, wavu wake unavutika zaidi ili ufike chini, na picha hukua.

Dalili: upande mmoja unalingana, mwingine umepanda

Picha imezunguka. Mara nyingi vizuizi viwili vya upande mrefu viko karibu mno. Tuseme vimeachana sentimita 10, na kimoja kina ganda la wino la nusu milimita. Kwenye urefu wa sentimita 40, kosa hilo limekuwa milimita 2. Vitenganishe viwe sentimita 40, na ganda lile lile litakupa nusu milimita tu. Visogeze karibu na kona kadiri fremu inavyoruhusu.

Kama tayari viko mbali, weka fremu juu ya kioo bapa na ubonyeze kona. Ikitikisika, imejipinda, na fremu iliyojipinda hainyooshwi kwa kibano. Wavu ukatwe, fremu ibadilishwe.

Dalili: ufa mwembamba kuzunguka rangi yote, sawa kila upande

Hii si hitilafu ya meza. Ni mchoro. Rangi mbili zilizochorwa zikutane ukingo kwa ukingo hazitakutana kwenye kitambaa kinachonyumbuka. Panua rangi nyepesi iingie chini ya ile nyeusi kwa milimita 0.3 hadi 0.5, na uprinti nyeusi mwisho. Kwa fulana nyeusi zenye msingi mweupe (wino mweupe unaotangulia chini ya rangi nyingine) fanya kinyume: punguza msingi kwa kiasi hicho ili usichungulie.

Na usikubali mchoro wenye rangi tatu zinazogusana kama unaweza kuweka mstari mweusi katikati yake. Mstari mnene unaficha mengi, na mteja atasema nembo imependeza zaidi.

Dalili: rangi moja inatoa picha mbili

Umevuta skwiji mara mbili na fulana ikasogea katikati, au mwanya ni mdogo mno na wavu hauachii. Ongeza mwanya, shika skwiji imara, vuta mara moja kwa mkandamizo wa kutosha. Kwa wino wa maji, kwenye joto letu, wavu huziba upesi na mtu hulazimika kurudia mkono. Nyunyizia ukungu wa maji badala ya kuvuta mara ya tatu.

Mahali pa kusimama

Ukigusa meza ya chuma ukahisi mtetemo wa umeme, hata mdogo, zima swichi kuu na usiendelee. Flashi ya kujitengenezea, sanduku la mwanga na sakafu yenye maji ya kuoshea skrini ni mchanganyiko unaoua. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akague waya wa ardhi na saketi. Usikubali ushauri wa kukata ule waya wa kijani na njano ili "shoti iishe".

Usipulize gundi wala kufungua thina karibu na flashi iliyowaka. Harufu ya plastiki kwenye soketi au waya wa upanuzi unaopata moto ni sababu tosha ya kuahirisha oda.

Ukirudia skrini, soma chupa ya emalsheni, ile dawa inayopakwa kwenye wavu kabla ya kupiga mwanga. Zile za kuchanganya na daikromati, unga au maji ya rangi ya chungwa, ni sumu inayojulikana kusababisha saratani. Vaa glavu, na usimwage mabaki kwenye mtaro unaoishia ziwani. Ngozi ikitoka vidonda, nenda hospitali na ubebe chupa.

Na kuna kazi ambazo meza hii haitaziweza hata ukiirekebisha mwaka mzima. Meza nzuri ya kujitengenezea hukaa ndani ya nusu milimita hivi. Picha ya uso wa mtu iliyogawanywa kwenye nukta za rangi nne inataka usahihi mkubwa kuliko huo, na kosa la nukta moja hugeuza ngozi kuwa kijani. Ukiletewa picha kama hiyo, mpe mteja bei ya rangi moja au mbili, au upeleke filamu kwa karakana yenye mashine ya kiwandani na uongeze faida yako juu ya bei yao.